Simu ya karibu milioni mbili mwaloni Kirumba: ninacholipia na nisichokihitaji

Nianze na bei kabla ya sifa. Simu ninayotumia niliinunua shilingi milioni 1.95, imeshatumika, imekuja kwa njia ya Dubai, haina boksi wala chaja. Ni simu kubwa ya mwaka 2024, ya daraja la juu kabisa. Toleo lenyewe silitaji, maana nafanya kazi mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, naingia na mkoba begani kabla jua halijatoka, na wezi nao wana bando. Isitoshe, mengi nitakayosema yanaihusu simu yoyote ya daraja hilo.

Kazi yangu ni dagaa. Nanunua Igombe na kwa watu wa visiwani wanaoshusha Kirumba, nachambua, nafunga magunia, natuma Dar, Dodoma, na kwa wateja wawili wa Kongo wanaopokelea Kigoma. Nusu ya biashara hiyo inafanyikia kwenye kioo cha simu: picha, video, sauti za WhatsApp, meseji za malipo. Kwa hiyo nikiulizwa kama simu ghali ina thamani ya bei yake, sijibu kama mtu anayeitoa mkobani harusini ili waione.

Watu wanasema kampuni zimepandisha bei. Ni kweli, ila huku kwetu hesabu ina sehemu mbili, na kampuni ni sehemu moja tu. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilianzia dola 499. Mwaka 2017 ikaja iPhone X kwa dola 999, watu wakapiga kelele, kisha wakanunua. Upande wa Samsung, S21 Ultra ya mwaka 2021 ilianza na dola 1,199, S22 Ultra hivyo hivyo, S23 Ultra hivyo hivyo, ndipo S24 Ultra ya Januari 2024 ikaingia na dola 1,299. Iliyofuata nayo ikabaki hapo hapo. Ukitazama kwa dola, hizi za Samsung miaka hiyo yote zimepanda dola 100.

Sasa igeuze iwe shilingi. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kwenye 2,300 hivi. Kwa hiyo dola 1,199 ilikuwa kama shilingi milioni 2.76. Mwaka 2024 shilingi ikalegea, kuna kipindi dola ilifika 2,700. Hapo dola 1,299 ni milioni 3.5. Yaani aliyeko Marekani ameongezewa dola mia, mimi wa Kirumba nimeongezewa kama laki saba na nusu, na hiyo ni bei ya huko kwao, kabla ya ushuru, VAT ya asilimia 18 na faida ya mwenye duka. Ukitaka kujua kwa nini mjini hapa simu kubwa nyingi zinazouzwa ni mitumba ya Dubai, jibu liko kwenye hesabu hiyo. Na mwishoni mwa 2025 ikaongezeka nyingine: chipu za kumbukumbu zilipanda bei kwa sababu mitambo ya akili unde (AI) inazinunua kwa wingi, na watengenezaji wakubwa wa chipu hizo ni watatu tu duniani. Asiyenunua mwaka huu akisubiri bei ishuke, namtakia heri.

Haya, sasa kinachonifanya niilipie.

Cha kwanza ni kioo, na kama ingekuwa ni kioo peke yake ningeinunua tena. Asiyefanya kazi juani hawezi kunielewa. Igombe dagaa wanaanikwa juu ya mawe, juu ya nyavu na kwenye vichanja, na jua la saa saba mchana pale linapiga kutoka juu, linapiga kutoka kwenye mawe, linapiga na kutoka majini. Simu yangu ya zamani, ya daraja la kati, ilikuwa ikifika saa tano kioo kimekuwa cheusi. Mteja anasema ametuma pesa, meseji imeingia, na mimi siioni. Nilikuwa najifunika kanga kichwani na simu humo ndani, kama mtu anayejifukiza mwarobaini, vijana wa mtumbwi wanasubiri na ndoo mikononi wakinicheka.

Ukali wa mwanga wa kioo unapimwa kwa niti. iPhone 15 Pro inatajwa kufika niti 2,000 nje kwenye jua, S24 Ultra niti 2,600, na hiyo ya pili ilikuja pia na kioo kinachopunguza mng'ao, kwa hiyo hujioni uso wako na mawingu badala ya kuona salio. Mimi nisingejua niti ni nini kama nisingekuwa naishi karibu na ikweta. Leo nasoma meseji nikiwa nimesimama wima, nahesabu, nawaambia vijana washushe. Mjini nimewasikia watu wakisema tofauti ya vioo haionekani. Haionekani ndani ya duka lenye kiyoyozi pale Rock City Mall, ni kweli. Omba kutoka nayo nje, hadi maegesho, kabla hujalipa.

Kuna dosari ndogo. Simu ikipata joto sana inajipunguzia mwanga yenyewe ili isiungue, na hili wanalo wote. Ukirekodi video ndefu juani, baada ya muda kioo kinafifia. Naiweka kivulini, chini ya turubai, inarudi. Wengine wanaipachika juu ya ndoo ya barafu ya samaki. Sishauri.

Cha pili ni wepesi. Simu ya bei ndogo ikiwa mpya huwa nyepesi pia, ila baada ya mwaka mmoja na nusu, ukitoka WhatsApp kwenda kwenye pesa na kurudi WhatsApp, unakuta imefunga kila kitu na inaanza upya. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wanunuzi wa Sengerema na Geita hawakai tena foleni ya kivuko wakipiga soga. Anakupigia akiwa barabarani, anataka bei, picha na jibu, na asipopata anampigia wa pili. Simu inayofikiria kwanza inanigharimu mzigo. Hapo sina zaidi la kusema, ni kitu unachokisahau kwa sababu kinafanya kazi.

Kamera sasa. Hiyo ndiyo wanayoipigia debe, ndiyo iliyopewa nusu ya mgongo wa simu, na ndiyo iliyoniletea kesi.

Simu hizi kubwa, za kampuni yoyote ile, hazipigi picha moja. Ukibonyeza, zinachukua picha kadhaa kwa mkupuo, zinazichanganya, zinainua penye kivuli, zinashusha penye mwanga mkali, zinanoa kingo. Uso wa bibi harusi unatoka umetulia, hongera zake. Sasa weka dagaa. Dagaa wa ziwa hili akikaushwa vizuri, juu ya kichanja, bila kuguswa na mvua, anakuwa na weupe wa fedha na mwili wake unabaki mzima. Akianikwa mchangani anabeba mchanga. Akinyeshewa anageuka manjano, halafu kahawia, vichwa vinakatika, na huyo tunampeleka kwa watu wa chakula cha kuku. Kati ya wa mezani na wa kuku bei ni mbalimbali kabisa, na mteja aliye mbali anaitafuta tofauti hiyo kwenye picha. Hana kingine cha kuangalia.

Simu ghali inalichukua gunia la wastani, lenye umanjano kidogo wa wiki ya mawingu, inalitoa linang'aa utadhani limeanuliwa sasa hivi. Mteja wa Dodoma alipokea mzigo akanipigia: "Dada, wale wa kwenye picha ndio hawa?" Ndio haohao. Alilipa, lakini alishusha bei ya kila gunia, na kwa wiki kadhaa kila picha niliyomtumia aliijibu kwa swali. Jirani yangu wa kibanda, mama mmoja mtu mzima wa Ukerewe, anatumia simu ya laki nne. Picha zake ni za ukungu ukungu, hazina mvuto, na mteja wangu mmoja wa Kongo aliniambia bila kuficha kwamba picha za mama yule anaziamini kuliko zangu. Nimelipa zaidi ya mara nne ya mama nikaonekana mwongo.

Nikaingia kwenye mipangilio nikazima kila kinachojiita kuboresha picha. Si vyote vinazimika. Siku hizi napiga kivulini, siyo juani, na naweka karatasi nyeupe ya daftari pembeni ya dagaa ili mteja aone weupe wa kweli ni upi. Nachota kiganja kimoja kutoka katikati ya gunia, siyo juu, namkata dagaa mmoja aonekane kama amekauka hadi ndani. Halafu video fupi, mkono ukiwageuza, sauti yao ya kukauka ikisikika, maana dagaa mkavu ana sauti na mbichi hana. Video hiyo ndiyo inayouza. Na video ya namna hiyo simu ya laki tano inaiweza bila shida.

Kwa hiyo kamera, kwa kazi yangu, siilipii hata senti. Anayepiga picha za harusi au anayepeleka wageni kisiwani Saanane, sawa, kwake ni jembe. Zile lenzi za kuvuta mbali nimezitumia kwa kitu kimoja tu chenye maana: usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimewashwa ziwani, navuta nione ni upande gani mitumbwi imekaa mingi. Mwezi ukiwa mkubwa hawaendi, na lenzi yangu inapumzika pia.

Maji. Simu hizi zina alama ya IP68, na Samsung kwa mfano inaeleza kuwa ni kukaa ndani ya maji yasiyozidi kina cha mita 1.5 kwa dakika 30, na maji yawe baridi, siyo ya chumvi. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo angalau hapo tuko ndani ya masharti kuliko ndugu zetu wa Pemba. Lakini msije mkadumbukiza. Kipimo hicho hufanywa kwa simu mpya, na dhamana haifidii simu iliyoingia maji. Simu ya mtumba hujui imefunguliwa na nani, na gundi inayozuia maji ikishafunguliwa bila kurudishwa vizuri, alama ya IP68 inabaki kuwa maandishi. Mimi naichukulia hivi: mawimbi yakirusha maji kwenye mtumbwi sipigi kelele. Zaidi ya hapo naifunga kwenye mfuko wa nailoni kama kila mtu. Vumbi la magamba linaingia kwenye tundu la chaji, nalitoa kwa kijiti cha meno, taratibu. Na kava langu linanuka dagaa. Kwa harufu hawajaweka alama.

Nije kwenye hoja ambayo wauzaji wanaipenda: "Dada, hii itakaa miaka saba." Ina ukweli ndani yake. Google ilianza na Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafuata na S24, zote zikiahidi masasisho kwa miaka saba. Apple hawakuwa wakiahidi kwa sauti, lakini iPhone XR ya mwaka 2018 ilipata iOS 18 mwaka 2024. Kwa anayeweka pesa ya biashara kwenye simu, masasisho ya usalama siyo mapambo. Ila hebu muulizeni muuzaji kuhusu Galaxy A16. Ni simu ya bei ya chini, ilitoka mwaka 2024, na imeahidiwa miaka sita. Miaka sita! Tofauti ya mwaka mmoja haiwezi kuwa sababu ya kulipa mara tano au sita. Kama hiyo ndogo itakuwa bado na nguvu ya kuyabeba masasisho hayo mwaka wa tano, nina mashaka, kumbukumbu yake ni ndogo. Lakini hoja ya miaka saba peke yake imeshakufa.

Hesabu niliyoifanya mimi ni hii. Zamani nilikuwa nabadilisha simu ya laki nne na nusu kila miaka miwili, sawa na 225,000 kwa mwaka. Hii ya milioni 1.95 nikikaa nayo miaka mitano ni 390,000 kwa mwaka. Naongeza 165,000 kila mwaka, kama 13,750 kwa mwezi, kwa ajili ya kuona juani na kutosubiri. Kwa kazi yangu hiyo nailipa nikicheka. Ningeinunua ikiwa mpya kwa dola 1,299, hata kwa dola ya shilingi 2,500, ni milioni 3.25, nikae nayo miaka yote saba, ni 464,000 kwa mwaka, bila kuhesabu betri ambayo lazima nitaibadilisha katikati. Kwa kuona juani kulekule. Hapana.

Hesabu hiyo yote inavunjika siku kioo kikivunjika. Niliwahi kuuliza kwa fundi mmoja mitaa ya Makoroboi kabla hakijapasuka, ili nijue adui yangu ana ukubwa gani. Kioo halisi laki saba na nusu, ufundi mbali. Kopi laki mbili na nusu. Mtu atasema weka kopi. Lakini kopi nyingi hazifiki mwanga ule, na mara nyingine alama ya kidole inagoma kusoma. Ukiweka kopi umetupa kitu chenyewe ulichokilipia na umebaki na kamera. Kwa hiyo nimeiwekea kava nene baya la mpira na protekta, inaonekana kama simu ya laki mbili, na hilo nalo limenisaidia kwenye daladala za Buzuruga.

Kuhusu kununua kwenyewe, nitasema machache kwa wanaojipanga. Maduka ya barabara ya Nyerere na mitaa ya jirani yanatofautiana bei hata kwa laki mbili kwa simu ileile, kwa hiyo usikubali winga, yaani dalali wa mtaani, akushike mkono kwenye duka la kwanza. Bonyeza *#06#, namba ya IMEI (utambulisho wa simu) itokee, uilinganishe na iliyo kwenye mipangilio na kwenye risiti. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishazima simu bandia Juni 2016, wengine wetu tunakumbuka jinsi watu walivyoamka asubuhi ile na simu za kuchezea gemu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Duka moja liliniambia risiti ni kwa simu mpya tu, nikatoka.

Wapenzi wa iPhone muwe makini na jambo moja. Zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14, yaani tangu 2022, hazina kabisa nafasi ya kuweka laini ya kadi. Zinatumia eSIM pekee, yaani laini isiyo na kadi. Zinaletwa hapa na zinauzwa kwa bei nafuu kidogo, na muuzaji hasemi mpaka ukitafuta pa kuchomeka laini. Hakikisha kampuni ya laini yako inakupa eSIM kabla hujalipa, na laini zako zote mbili, siyo moja. Betri yake angalia kwenye mipangilio, asilimia yake imeandikwa. Ikiwa chini ya 80, punguza bei ya betri mpya hapohapo, mbele ya muuzaji.

Na zile za kulipa kidogo kidogo kila siku, ambazo usipolipa zinajifunga: jumlisha malipo yote hadi mwisho ndipo uamue. Kijana mmoja anayebeba magunia pale mwaloni alinionyesha mkataba wake, tukajumlisha kwa kidole kwenye mchanga. Ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya dukani. Aliendelea nayo, kwa sababu hakuwa na laki tatu za mkupuo, na simpingi. Lakini sasa anajua. Simu ikifungwa siku ambayo mteja anakutafuta, umefungiwa duka.

Juzi winga aliyeniuzia amenipigia. Ametoa ofa: nimpe hii, niongeze milioni moja na laki mbili, anipe ya mwaka huu ikiwa kwenye boksi. Nikamuuliza juani inaonekana kuliko yangu? Akasema, mama, hii ina akili unde, inafuta mtu usiyemtaka kwenye picha, inakuandikia na meseji. Nikamwambia milioni moja na laki mbili ni magunia manne ya dagaa wa kichanja, na kwenye picha zangu hamna mtu wa kufuta. Akasema basi laki tisa. Nimemwambia anitafute ikishatoka nyingine, hiyo ya sasa ikiwa mtumba.